Je, wajua kwa nini Georgia ilimnyima kiapo mwakilishi aliyechaguliwa kihalali?

Januari 10, 1966, wajumbe wa Baraza la Wawakilishi la jimbo la Georgia, Marekani, walisimama mjini Atlanta kula kiapo. Julian Bond, kijana mweusi wa miaka 25, hakuruhusiwa kuapa pamoja nao. Wapiga kura wake walikuwa wamempa asilimia 82 ya kura. Umri wa kugombea alikuwa nao, ukaazi alikuwa nao, na kiapo chenyewe alikuwa tayari kukila. Siku hiyohiyo wajumbe wakapiga kura: 184 walisema asiingie, 12 tu wakawa upande wake.

Sababu ni kwamba alikuwa amepinga hadharani vita vya Vietnam.

Bond hakuwa mgeni wa mapambano. Alizaliwa Nashville mwaka 1940. Baba yake, Horace Mann Bond, alikuwa msomi aliyekuja kuongoza Chuo Kikuu cha Lincoln, Pennsylvania, kilekile alichosoma Kwame Nkrumah. Mwaka 1960, akiwa mwanafunzi wa chuo cha Morehouse, Atlanta, Julian alikuwa miongoni mwa vijana walioanzisha SNCC, umoja wa wanafunzi uliopinga ubaguzi bila kutumia mabavu. Akawa msemaji wake.

Januari 3, 1966, mwanachama wa SNCC, Sammy Younge, aliyewahi kutumikia jeshi la majini, alipigwa risasi na kufa huko Tuskegee, Alabama, baada ya kutaka kutumia choo cha wazungu kwenye kituo cha mafuta. Siku tatu baadaye SNCC ikatoa tamko: mauaji ya Younge hayana tofauti na mauaji ya wakulima wa Vietnam, na SNCC inawaunga mkono vijana wanaokataa kwenda vitani. Mwandishi wa habari akamuuliza Bond kama anaunga mkono tamko hilo. Akajibu kwamba anaunga mkono. Wajumbe 75 wakaandika kutaka asiapishwe.

Mbele ya Baraza, Bond alieleza kwamba hajamshauri mtu yeyote achome kadi ya kuitwa jeshini, wala ya kwake hajaichoma. Ila kuchaguliwa, alisema, hakumwondolei wajibu wa kutoa maoni yake, hata yakitofautiana na ya wengine. Angeweza kuyakana maneno yake akapewa kiti. Hakuyakana, na hapo ndipo ninapomheshimu kuliko popote.

Bond akaenda mahakamani, na jimbo likajenga hoja yake kwa ustadi. Lilikubali kwamba Bond anatimiza masharti yote ya kugombea. Lakini kiapo kinamtaka mjumbe aitetee Katiba ya Marekani, kwa hiyo, likadai, Baraza lina haki ya kupima kama anaapa kwa moyo wa kweli. Majaji wawili kati ya watatu wa mahakama ya chini wakaikubali hoja hiyo. Wakati huo wananchi wa eneo lake walimchagua tena kwenye uchaguzi mdogo wa Februari, na Kamati ya Kanuni ya Baraza ikamzuia tena.

Desemba 5, 1966, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwa kauli moja kwamba Bond ameonewa. Jaji Mkuu Earl Warren aliandika kwamba ikiruhusiwa walio wengi kupima ukweli wa kiapo cha mwenzao, watapata njia ya kumzuia yeyote wasiyependa maoni yake. Mwakilishi, kinyume chake, anahitaji uhuru mpana zaidi wa kusema, ili waliomchagua wajue msimamo wake.

Aliapishwa Januari 1967. Mwaka uliofuata, kwenye mkutano mkuu wa chama cha Democratic huko Chicago, jina lake lilipendekezwa kwa nafasi ya makamu wa rais. Akalazimika kujitoa, kwa kuwa alikuwa na miaka 28 na Katiba inataka 35. Alitumikia jimbo la Georgia miaka 20, kwanza katika Baraza la Wawakilishi, kisha katika Seneti ya jimbo. Akiwa seneta alipigania Atlanta ipate eneo la uchaguzi wa Bunge la taifa lenye wapiga kura weusi wengi. Mwaka 1986 aligombea kiti cha eneo hilo na kushindwa na John Lewis, rafiki yake wa siku za SNCC. Baadaye aliongoza bodi ya NAACP, chama cha kutetea haki za watu weusi Marekani, kuanzia 1998 hadi 2010. Alifariki Agosti 2015.