Mkasi wa 1974 na bei ya jarida la katuni

Watu huniletea mfuko mweusi wa plastiki wenye herufi S nyekundu inayochuruzika damu. Ndani mna Superman namba 75, toleo la Novemba 1992 ambamo shujaa huyo anauawa. Mfuko haujafunguliwa hata mara moja. Mwenyewe aliununua dola 2.50, akaufungia kabatini miaka thelathini, na sasa mtoto anaingia chuo. Kazi yangu ni kuthamini majarida ya katuni ya Kimarekani, na jibu la swali lake, kwamba mfuko huu una thamani gani, huniuma kila ninapolitoa: nakala nyingi za toleo hilo hazizidi bei ya chakula cha mchana cha watu wawili.

Mamilioni ya wenzake walinunua mfuko uleule na kuufungia vilevile. Jarida lililotunzwa na kila mtu haliwezi kuadimika.

Action Comics namba 1 ya 1938, ambamo Superman alitokea kwa mara ya kwanza, ilichapwa nakala zipatazo 200,000 na kuuzwa senti 10. Inaaminika zimebaki mia moja hivi. Watoto walizikunja wakazitia mfukoni, wakabadilishana hadi majalada yakang'oka, na mama zao wakazitupa. Wakati wa Vita Kuu ya Pili karatasi kuukuu zilikusanywa kwa ajili ya vita. Baadaye, katika baadhi ya miji, majarida haya yalichomwa moto hadharani kwa madai kwamba yanaharibu watoto. Sisi tuliokula maandazi yaliyofungwa kwa gazeti la juzi tunajua karatasi iliyokwisha kusomwa huishia wapi. Aprili 2024 nakala moja yenye daraja la 8.5 kati ya 10 kwa uzima wake ilinunuliwa mnadani kwa dola milioni 6.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watu waliziona bei za namna hiyo zikipanda, wakadhani kinachozipandisha ni umri tu. Wachapishaji wakawahudumia: X-Men namba 1 ya 1991, jarida la kampuni ya Marvel, ilitolewa kwa majalada matano tofauti, zikaenda nakala zaidi ya milioni 8. Soko lilipoporomoka maduka mengi yalifungwa, na mwishoni mwa 1996 Marvel yenyewe ilikimbilia mahakamani kuomba kinga dhidi ya wadai wake.

Lakini uhaba peke yake nao haulipi. Nimeshika majarida ya cowboy ya miaka ya 1950 yaliyo magumu kupatikana kuliko jarida la 1962 lililomleta Spider-Man, na yamekaa bila mtu wa kuyaulizia. Waliowapenda wapanda farasi wale wamezeeka, wengi wametangulia. Mnunuzi ninayemwona mara nyingi ana miaka arobaini au hamsini, mfuko wake wa fedha umetulia, na anatafuta kitu alichokipoteza akiwa na miaka kumi. Rika lake likipita, hamu ile hupita nalo, isipokuwa mhusika apate watoto wapya wa kumpenda. Spider-Man anawapata kila filamu mpya inapotoka.

Mambo haya mawili, uhaba na hamu, nayaona yakikutana katika The Incredible Hulk namba 181 ya 1974, toleo ambalo Wolverine, mmoja wa mashujaa wa X-Men, anaingia kwa mara ya kwanza kwa kisa kamili. Miaka hiyo Marvel ilichapa stempu ndani ya majarida yake, na watoto wakahimizwa wazikate na kuzibandika kwenye kijitabu. Wakakata. Kwa hiyo nikiletewa namba 181 siangalii jalada kwanza. Nafunua hadi ukurasa wa stempu. Ikiwa pana tundu la mraba, sehemu kubwa ya bei imekwenda na mkasi ule. Nakala kamili zimekuwa ghali hasa kwa sababu watoto wengi walilipenda jarida kama watoto, wakalitumia kama walivyoambiwa.

Mteja wangu mmoja alikuwa na fedha za kununua nakala kamili. Nilimwekea mbili mezani, moja safi na moja iliyokatwa. Aliifungua ile iliyokatwa, akapitisha kidole kwenye ukingo wa tundu, akasema ya kwake ilikuwa hivihivi, aliikata kwa mkasi wa kushonea wa mama yake. Hakurudi tena kwenye ile safi. Nilimfungia hiyo yenye tundu, akaondoka nayo.