Pampu ya Kuzamisha kwa Kisima cha Nyumbani: Kisima Kipimwe Kwanza

Mgao wa maji ulioikumba Dar es Salaam mwishoni mwa mwaka 2022, maji ya Mto Ruvu yalipopungua, uliwakumbusha wakazi wengi umuhimu wa kuwa na kisima uani. Swali tunaloulizwa mara nyingi na wenye visima ni hili: ninunue pampu ya hospawa ngapi, yaani yenye mota ya nguvu kiasi gani? Hakuna mtaalamu mwaminifu anayeweza kulijibu kabla ya kuona vipimo vya kisima chenyewe, na pampu iliyomfaa jirani yaweza kuharibika kwako ndani ya miezi michache.

Pampu ya kuzamisha ni mota na pampu zilizounganishwa kuwa silinda moja nyembamba, ambayo hushushwa ndani ya maji na kuyasukuma kwenda juu. Pampu iliyowekwa juu ya ardhi hutegemea kuvuta, na uvutaji una kikomo cha kimaumbile: kiutendaji hauzidi mita 7 au 8. Ndiyo maana kisima kirefu hakina budi kutumia pampu ya kuzamisha.

Mchimbaji anapomaliza kazi, anapaswa kukukabidhi taarifa ya uchimbaji. Isome kabla hujampa malipo ya mwisho, kwa sababu ndani yake kuna vina vitatu ambavyo watu huvichanganya. Cha kwanza ni urefu wa kisima. Cha pili ni kina ambapo maji hutulia kisima kikiwa kimepumzika. Cha tatu ni kina ambapo maji hushuka na kusimama baada ya kupampu kwa saa kadhaa mfululizo. Hicho cha tatu ndicho kinachochagua pampu, nacho ndicho kinachokosekana mara nyingi, kwa kuwa mchimbaji amepampu kwa nusu saa tu akasema maji ni mengi.

Tuchukue mfano. Kisima kina urefu wa mita 80, maji yametulia mita 24 chini, na yanapopampuliwa lita 2,000 kwa saa hushuka hadi mita 42. Mdomo wa tanki uko mita 6 juu ya ardhi. Ukijumlisha mita 42, mita 6, na mita kama 5 za kufidia msuguano ndani ya mabomba, unapata mita 53. Familia ya watu 6 wanaotumia lita 100 kila mmoja kwa siku inahitaji lita 600, hivyo pampu inayotoa lita 1,500 kwa saa inalijaza tanki la lita 2,000 kwa muda usiozidi saa moja na nusu. Kwa kawaida mota ya kilowati 0.75, yaani hospawa 1, inaimudu kazi hiyo. Kuongeza hospawa hakuongezi maji ya kisima.

Tahadhari na maandishi ya kwenye boksi. Likiandikwa mita 80 na lita 3,000 kwa saa, usidhani utapata vyote viwili kwa pamoja: katika mita 80 pampu hiyo haitoi hata tone, na lita 3,000 hupatikana pale tu ambapo haina mwinuko wa kupandisha maji. Mwombe muuzaji mchoro unaoonyesha lita zinazotoka katika kila kimo, na kama hana, nenda duka jingine.

Kwa wakazi wa Kigamboni, Mbezi Beach na maeneo mengine ya pwani, pampu kubwa ina madhara mengine makubwa zaidi. Maji baridi, yaani yasiyo na chumvi, yaliyo chini ya ardhi huelea juu ya maji ya bahari, na kwa kukadiria, kila mita moja ya maji baridi iliyo juu ya usawa wa bahari hushikilia takribani mita 40 za maji baridi chini ya usawa huo. Ukipampu kwa nguvu na kuyashusha, chumvi hupanda kuelekea kisimani, na kuiondoa huchukua muda mrefu sana. Huko pampu ndogo ifanye kazi taratibu, kwa vipindi, badala ya kubwa inayojaza tanki kwa dakika chache.

Katika ufungaji, pampu ya mfano wetu ingekaa mita 55 hivi: chini ya maji yanayoshuka, lakini mbali na tope la sakafu ya kisima. Pampu isining'inizwe kwa waya wa umeme hata siku moja. Ifungwe kwa kamba imara isiyooza, na waya ubanwe kwenye bomba kila baada ya mita 2 au 3. Valvu ya kuzuia maji kurudi iwepo. Kwa waya wenye urefu wa mita 80 hadi kwenye swichi, chagua unene wa milimita za mraba 2.5, kwani mwembamba hupunguza volti na kuichosha mota. Ethi (waya wa kupeleka umeme ardhini), kikata umeme, na kifaa kinachozima pampu maji yakiisha visichukuliwe kuwa nyongeza, kwa kuwa mota hupozwa na maji yanayopita pembeni yake na bila maji huungua.

Siku ya kwanza, fungua koki kidogo na uyamwage maji nje mpaka yaache kutoa mchanga, ambao hula mapanga ya pampu. Kisha kisima kitiwe klorini, kisafishwe, na sampuli ipelekwe maabara kabla mtu hajanywa. Kisima cha kuchimbwa kwa mashine kinahitaji kibali cha bodi ya maji ya bonde husika, ambayo kwa Dar es Salaam ni ya Wami/Ruvu. Kibali hicho, pamoja na vile vina vitatu, kina ilipowekwa pampu na tarehe ya kuifunga, vihifadhiwe mahali pamoja. Fundi atakayeitwa miaka 5 baadaye ataanzia hapo.