Jitu kubwa ndio tanki, kafupi ndio mchawi? Dhana potofu za kuchagua jamii kwenye gemu za fantasia

Seva mpya ikifunguliwa swali ni lile lile, jamani nataka kucheza tanki (yule anayesimama mbele kupokea mapigo ya adui) nichukue jamii gani, yaani aina gani ya kiumbe, na majibu yanamiminika kabla hata mtu hajauliza ni gemu ipi. Hapo ndio uongo unapoanzia. Kuna gemu jamii ni sura tu, kuna gemu jamii ina uzito kweli, ila uzito wenyewe mara nyingi haupo pale watu wanapokodolea macho.

Dhana kubwa kuliko zote: angalia pointi za nguvu za kuanzia, mwenye nyingi ndio wa kupigana kwa silaha. Mtu anafungua World of Warcraft Classic, lile toleo la kizamani la World of Warcraft, anaona Tauren, jitu lenye mapembe, ana pointi 5 za nguvu zaidi ya binadamu na Gnome, kale kafupi, ana 5 pungufu, basi kashaamua, Gnome mpiganaji ni kichekesho. Haya tupige hesabu. Tauren na Gnome wamepishana pointi 10, na pengo hilo halikui, levo 1 ni 10 na levo 60 ni zile zile 10. Kwa mpiganaji kila pointi ya nguvu inampa pointi 2 za shambulizi, kwa hiyo ni 20, na inabidi uwe na 14 za shambulizi ndio upate dameji (madhara kwa adui) 1 kwa sekunde. Yaani lile jitu lote na mapembe yake linamzidi yule mfupi kwa dameji kama 1.4 kwa sekunde, basi. Kuna pete inaitwa Quick Strike Ring, ina pointi 30 za shambulizi kabla hujagusa vitu vyake vingine. Pengo limeshafukiwa na kidole kimoja.

Ukweli ni kwamba kinacholeta tofauti ni kamstari kadogo ambako wengi wanakaruka: binadamu ana skili (ustadi wa silaha) +5 ya panga na rungu, Orc, jamii nyingine, ana +5 ya mashoka. Inaonekana takataka eti. Sasa bosi wa reidi, yule adui mkubwa anayepigwa na kundi kubwa la wachezaji, anahesabiwa kama levo 63, ulinzi wake ni 315, na wewe levo 60 skili yako inagota 300, kwa hiyo mapigo yako ya kawaida, yale ya kujipiga yenyewe, kama asilimia 40 yanamparaza tu, na kila linaloparaza linapoteza kama asilimia 35 ya dameji. Ukifika 305 hasara inashuka hadi kama asilimia 15, na mapigo ya kukosa nayo yanapungua. Hiyo ndio sababu upande wa Alliance, ule wenye binadamu, wapiganaji wa reidi wamejaa binadamu, wala sio ubabe wa binadamu. Ila usishangilie sana, binadamu akishika shoka hiyo +5 haipo kabisa, na kuna glavu za Edgemaster zinazompa yeyote +7 ya shoka, panga na visu, tatizo ni bei yake tu sokoni.

Halafu kuna hii ya tanki lazima awe na damu nyingi, kwa hiyo Tauren, maana ana nyongeza ya asilimia 5 ya uhai. Nyongeza ipo, sikatai, na ile kukanyaga chini kunakoduwaza maadui waliomzunguka ni raha tupu kwenye danjoni za watu 5. Lakini mapigo ya tanki ndio yanamfanya bosi amng'ang'anie yeye, akiyakosa hamshiki bosi, na bosi akimwacha tanki anamfuata mponyaji, sasa damu nyingi ya tanki inamsaidia nani hapo? Orc mwenye shoka anamshika bosi vizuri tu. Ukubwa wa mwili una faida nyingine ambayo watu hawaitaji: Tauren anafikia adui kwa mbali kidogo kuliko wengine. Na ufupi nao una faida yake mkipigana wachezaji kwa wachezaji, Gnome akiingia katikati ya kundi la watu kumbonyeza na mausi ni kazi.

Dhana ninayoipenda mimi ni ya hadithi, kwamba jamii ya walevi wenye ndevu na bunduki haiwezi kutoa mponyaji. Nenda Classic uone. Kuhani wa Dwarf, ndio hao wenye ndevu, pekee ndiye mwenye Fear Ward, kinga ya hofu anayomwekea mtu mmoja. Kwa bosi Onyxia, awamu ya tatu ya pambano, yule joka anapiga ukelele watu wote wanakimbia ovyo, tanki naye akikimbia joka linageuka na moto unawalamba wale wa nyuma, reidi imeisha. Tanki mwenye kinga anabaki pale pale, kichwa cha joka hakigeuki. Gildi, yaani vikundi vya wachezaji, zilikuwa zinatafuta kuhani wa Dwarf kwa tochi, na hakuna aliyeangalia pointi zake za akili.

Sasa ukibeba maarifa yote haya ukaenda nayo Final Fantasy XIV hayana kazi. Huko jamii yoyote inacheza kazi yoyote, tofauti ya pointi ni chache mno hazisikiki, na Lalafell, jamii ya wafupi wa huko, mwenye urefu wa goti ni tanki kama tanki wengine. Na wale wanaosema mfupi anakwepa kirahisi zile alama za hatari za chini, hapana, gemu inapima katikati ya pale uliposimama, mwili wako hauhesabiwi. Guild Wars 2 ndio kabisa, jamii hazina tofauti ya pointi, na skili za jamii zimefanywa dhaifu makusudi kuliko za klasi, yaani za fani ya mhusika.

Elder Scrolls Online ni kinyume, pale jamii inauma. Jamii ya Breton inatumia majika (nishati ya uchawi) kwa gharama ndogo, mponyaji anaisikia pambano likirefuka, na jamii ya Nord imekaa kitanki kwelikweli. Ila angalia tarehe ya mwongozo unaousoma, 2019 walizipangua hizo faida za jamii, na miongozo ya kabla ya hapo bado inazunguka watu wanaifuata.

Maana hata iliyo bora haikai. 2008 binadamu wa World of Warcraft walipewa uwezo wa kujinasua wakibanwa, nafasi ya kifaa cha kujinasua ikabaki wazi kwa kifaa cha dameji, arena, zile pambano za wachezaji kwa wachezaji, zikajaa binadamu. Leo faida hiyo haipo hivyo tena. Na 2022 karibu jamii zote zikaruhusiwa kuwa mage (mchawi), kuhani na rogue (mnyemeleaji), kwa hiyo Tauren akikurushia barafu ni sheria ya gemu, usiripoti.