Diwani ni nani, na mrejesho tunaomdai ni nini?

Neno diwani ni la siku nyingi hapa pwani. Watawala wa Vumba Kuu, karibu na mpaka wa sasa wa Kenya na Tanzania, waliitwa madiwani, na mshairi akikusanya tungo zake kitabuni huita diwani hadi leo. Katika utawala wa Tanzania ya sasa, diwani ni mwakilishi wa kata kwenye halmashauri.

Huchaguliwa kila baada ya miaka 5, siku moja na rais na mbunge. Wapo pia madiwani wanawake wa viti maalumu, wanaoingia kupitia vyama vyao.

Wengi humchanganya na mtendaji wa kata. Mtendaji ni mwajiriwa, hapigiwi kura na mtu. Mwenyekiti wa mtaa naye ana uchaguzi wake, na wa karibuni ulifanyika Novemba 2024. Watatu hawa hukutana kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata: diwani anaongoza kikao, mtendaji ni katibu, wenyeviti wa mitaa ni wajumbe.

Tuseme karavati limeziba, na kila masika maji yanaingia vyumbani, watu wanalala wamepandisha magodoro juu ya meza. Wakazi wanalisema kwenye mkutano wa mtaa. Mwenyekiti analifikisha kwenye kamati ya kata. Diwani analibeba hadi Baraza la Madiwani, ambalo hukaa kila robo mwaka. Huko ana kura moja tu kama wenzake. Meya huchaguliwa na madiwani wenyewe, lakini mkurugenzi, ambaye ndiye katibu wa baraza na msimamizi wa fedha, huteuliwa na Rais. Isitoshe, tangu 2017 barabara za mitaani ziko chini ya TARURA, wakala wa serikali wa barabara za vijijini na mijini, na maji yana mamlaka yake; Dar es Salaam ni DAWASA. Kwa hiyo diwani akikwambia "nimelifikisha", usikimbilie kumwita mwongo. Pengine hapo ndipo mkono wake ulipofika.

Lakini yapo mambo ambayo baraza lina meno, na hapo hana pa kujificha. Bajeti ya halmashauri haipiti bila madiwani. Sheria ndogo, kama za ushuru wa soko na usafi, wao ndio wanaozitunga. Halafu kuna mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Swali la vikundi vingapi vya kata yetu vimepata, na vipi vimekosa kwa sababu gani, ni haki kabisa kumuuliza diwani.

Ndipo tunafika kwenye mrejesho, neno linalotajwa sana na kutekelezwa kidogo. Mrejesho ni kurudi kwa waliokutuma na kuwaeleza kilichotokea. Picha ya diwani ameshika fagio kwenye kikundi cha WhatsApp cha mtaa ni habari njema, lakini si mrejesho. Mrejesho una kiasi, una tarehe, una mhusika: karavati limeingia kwenye mpango wa mwaka wa fedha unaoanza Julai, fedha za darasa zimeshafika kwenye akaunti ya shule, ombi la taa limekataliwa, na sababu ni hii. Hata jibu la "tumekosa" linamsaidia mama mwenye magodoro mezani, maana anajua ajipange vipi kabla mvua hazijaanza.

Mbao za matangazo kwenye ofisi za kata nimeziangalia nyingi. Mara nyingi unakuta tangazo la chanjo lililopauka kwa jua, pini zimeota kutu, na mapato na matumizi hayaonekani. Hilo linaniuma, kwa sababu habari zenyewe zipo na zimeshaandikwa. Kila robo mwaka baraza hupokea taarifa za kata, na diwani husimama kueleza kilichofanyika kwake na kilichokwama. Taarifa hiyohiyo, ikitolewa nakala moja na kubandikwa kwenye ubao ule, inatosha kuwa mrejesho.