Kiu ya Sigara Inayobaki Baada ya Kuacha: Maswali na Majibu

Watu wengi wanaoacha sigara hujiandaa kwa ajili ya wiki mbili tatu za mwanzo, na kwa kweli wengi huzivuka. Wanachokuwa hawajaambiwa ni kwamba kiu inaweza kuibuka mwezi wa nne au wa nane tangu kuacha, wakati ambapo ndugu na majirani wameshasahau kwamba waliwahi kuvuta. Maswali yafuatayo ni ya watu wa aina hiyo hapa Dodoma: madereva wa bajaji, walinzi wa usiku, wafanyabiashara wa nafaka, watumishi wa ofisini, na wake zao pia.

Swali: Huu ni mwezi wa nne tangu niache. Je, nikotini bado imo mwilini mwangu?

Hapana. Nusu ya nikotini iliyomo katika damu huondoka kwa takriban saa mbili, na baada ya siku chache hata kotinini, ambayo ni zao la nikotini linalopimwa maabara ili kujua kama mtu anavuta, huwa imekwisha. Dalili za kuacha, yaani hasira za haraka, usingizi wa mang'amung'amu, njaa, huzuni na kushindwa kutulia kwenye jambo moja, huwa kali zaidi siku ya pili au ya tatu, kisha kwa watu wengi hupungua ndani ya wiki tatu hadi nne. Hata vile vipokezi vya ubongo vinavyoshika nikotini, ambavyo kwa mvutaji huongezeka idadi, hurudi katika hali ya kawaida ndani ya wiki 6 hadi 12 hivi.

Kinachobaki mwezi wa nne ni mafunzo. Moshi ukivutwa, nikotini hufika kwenye ubongo ndani ya sekunde 10 hadi 20, na ubongo unaolipwa haraka kiasi hicho hushika kila kilichokuwapo wakati ule: mahali, saa, harufu, sauti na watu. Aliyevuta sigara 10 kwa siku kwa miaka 15 amewasha sigara zaidi ya mara 50,000, na karibu zote amezivuta katika mazingira yale yale machache. Si ajabu, basi, kwamba mwili umekwisha kusafika ilhali jioni ile ile, pale pale penye benchi la kahawa, mkono unaanza kutafuta mfuko wa shati.

Swali: Kiu yenyewe ikija hudumu kwa muda gani?

Kwa kawaida dakika tatu hadi tano. Hupanda, hufika juu, kisha hushuka, uvute usivute. Wanaosema imewasumbua saa nzima mara nyingi wamepata kiu kadhaa fupi mfululizo kwa sababu hawakuondoka pale ilipowakuta.

Swali: Ilikuwa imepotea kabisa. Mbona imenirudia msibani, tena kwa nguvu kama siku za kwanza?

Hili ndilo swali ambalo, kwa maoni yangu, halipewi uzito unaostahili katika ushauri wa kuacha sigara. Ubongo hausahau sigara kwa mkupuo mmoja. Ukizoea kunywa kahawa bila kuvuta, umezoea kahawa tu. Ukizoea kukaa ofisini bila kuvuta, umezoea ofisi tu. Kila hali iliyofungamana na sigara inapaswa kupitiwa upya bila sigara, na ile ambayo haijapitiwa hubaki na nguvu yake yote hata kama miezi imepita mingi.

Msiba ni mfano mzuri. Wanaume wamekaa nje usiku kuzunguka moto, mazungumzo yamepungua, mtu anatoa pakiti, anachukua moja, kisha anaipitisha kwa aliye jirani yake bila kuuliza. Aliyeacha mwezi wa pili na kufiwa mwezi wa sita hajawahi kukaa katika duara lile akiwa si mvutaji. Zaidi ya hapo ana huzuni, hajalala, na kuikataa pakiti kunaonekana kama kujitenga na wenzake. Ni mambo manne kwa wakati mmoja, na kama hakuna hata moja aliloliwazia mapema, kushindwa kwake hakuna uhusiano wowote na udhaifu wa tabia.

Vivyo hivyo kwa majira. Mtu aliyeacha wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili, hajakutana bado na usiku wa Juni na Julai, ambapo upepo wa Dodoma hupenya hata koti, na mlinzi aliye lindoni peke yake alizoea kuyagawa masaa kwa sigara. Mfanyabiashara wa Kibaigwa aliyeacha kabla ya mavuno hajakutana na msimu wa magari kupakia usiku kucha. Kwa sababu hiyo ninashauri jambo moja ambalo halihitaji dawa wala fedha: chukua karatasi, andika matukio yote ya mwaka ambayo huko nyuma hayakupita bila sigara, kisha weka alama kwenye yale ambayo umekwisha kuyapitia bila kuvuta. Yaliyobaki bila alama ndiyo ya kujiandaa nayo, kwa kuamua mapema utakaa karibu na nani, utashika nini mkononi, na utasema maneno gani pakiti itakapokufikia. Kwa kawaida mara ya kwanza huwa ngumu kuliko ya pili, na ya pili kuliko ya tatu.

Swali: Nifanye nini dakika ile ile kiu inaponishika kijiweni?

Ondoka hapo ulipo kabla hujaanza kubishana nayo. Kutembea kwa mwendo wa haraka kwa dakika 10, hata kama ni kulizunguka Soko la Majengo na kurudi, hupunguza kiu kwa kiasi kinachopimika. Asiyeweza kuondoka, kama dereva aliye kwenye foleni ya abiria, avute pumzi polepole na kuitoa polepole zaidi, anywe maji kidogo kidogo, na aupe mdomo na mikono kazi: kumenya karanga, kumung'unya ubuyu, kula zabibu moja moja wakati wa msimu wake. Ubuyu usio na sukari ni bora zaidi, hasa kwa mwenye kisukari.

Kuna vitu viwili ambavyo wengi huvipuuza. Cha kwanza ni kiberiti. Utamkuta mtu ameacha tangu mwaka jana lakini bado ana kiberiti cha gesi mfukoni, eti kwa ajili ya wenzake, na akikaa kimya kidole gumba kinakizungusha kile kigurudumu chenyewe tu. Kitupe, au kipeleke jikoni. Cha pili ni sigara ya mojamoja inayouzwa gengeni, kwani chenji ya mia mbili mia tatu inatosha kukurudisha ulikotoka kabla akili haijashtuka. Mwambie muuzaji waziwazi kwamba umeacha na kwamba asikupe hata ukimwomba. Wengi hukubali, na hata asipokubali, wewe utaona haya kuomba.

Swali: Kahawa nayo niiache?

Si lazima, ila ipunguze. Moshi wa sigara huchochea ini kuvunja kafeini kwa kasi, na ukiacha kuvuta kasi hiyo hupungua, hivyo vikombe vile vile vya zamani hukaa mwilini kwa muda mrefu zaidi. Mtu anatetemeka mikono, moyo unakwenda mbio, usingizi haupatikani, naye anadhani ni alosto ya sigara kumbe ni kahawa. Anza kwa kupunguza nusu. Pombe ni suala jingine kabisa: katika miezi ya mwanzo ni heri kuiepuka, kwa sababu wengi wanaorudia hurudia wakiwa wamelewa kidogo.

Swali: Je, ninaweza kutumia ugoro au shisha ili kukata kiu?

Hapana. Ugoro ni tumbaku, na nikotini yake huingia mwilini kupitia puani au mdomoni. Kuwa umetumiwa na wazee wetu kwa vizazi hakuubadilishi. Moshi wa shisha hupita kwenye maji lakini nikotini na gesi yenye sumu ya kaboni monoksidi hubaki.

Swali: Mume wangu ameacha tangu Pasaka, ila jioni huwa mkali hata kwa watoto. Nimsaidieje?

Kwanza angalia saa, dada. Ukali unaokuja muda ule ule kila siku mara nyingi ni kiu ambayo yeye mwenyewe hajaitambua. Kama ni baada ya chakula cha jioni, mpe sababu ya kunyanyuka mezani mara tu anapomaliza kula. Usimnuse nguo na usimhoji kila anaporudi, kwani anayeshukiwa bure huona hana cha kupoteza. Ikiwa huzuni au hasira imezidi wiki kadhaa na haipungui, wala yeye halali, aende kituo cha afya, maana huenda ni sonona na si sigara.

Swali: Baada ya miezi yote hii, dawa zinaweza bado kunisaidia?

Zinaweza, hasa kwa mtu anayejua kwamba wiki ngumu inakuja. Dawa zenye nikotini, yaani jojo na bandiko la ngozini, zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani tangu 2009, na vareniklini pamoja na bupropioni, ambavyo ni vidonge visivyo na nikotini, ziliongezwa 2021. Usitegemee kuzikuta kila famasi, uliza kwanza. Jojo ya nikotini haitafunwi kama jojo ya dukani: hutafunwa taratibu hadi ladha kali isikike, kisha huwekwa kati ya shavu na ufizi hadi ladha ipungue, ndipo hutafunwa tena. Kahawa na soda huzuia nikotini isipenye vizuri mdomoni, kwa hiyo visinywewe ndani ya dakika 15 kabla ya kuitumia. Bupropioni haifai kwa mwenye kifafa.

Swali: Nimevuta moja msibani. Je, nimeharibu kila kitu?

Hujaharibu kila kitu, lakini usiichukulie kirahisi. Pafu moja au mawili hutosha kushika karibu nusu ya vipokezi vya nikotini katika sehemu muhimu za ubongo kwa saa kadhaa, na ndiyo maana ya kwanza huita ya pili. Hesabu ya miezi yako usiifute. Tupa iliyobaki, mwambie mtu mmoja unayemwamini siku hiyo hiyo, kisha rudi kwenye karatasi yako uandike kilichotokea: nani alikupa, saa ngapi, ulikuwa umekula au una njaa. Anayejiambia kwamba kwa kuwa ameshaanguka basi amalizie pakiti ndiye anayerudia kabisa.

Swali: Ni lini nimwone mtaalamu?

Ukiona unaikaribia sigara kila siku badala ya mara mojamoja, ukiwa umerudia zaidi ya mara moja, au kama sigara ilikuwa inakwenda pamoja na pombe au bangi. Anza katika zahanati au kituo cha afya kilicho karibu nawe. Walio Dodoma mjini wana pia Hospitali ya Taifa ya Afya ya Akili Mirembe, ambayo huwahudumia watu wenye uraibu. Kwenda Mirembe si kuitwa kichaa, ingawa najua maneno ya mtaani. Na yeyote anayetumia klozapini au olanzapini, ambazo ni dawa za magonjwa ya akili, au aminofilini ya pumu amweleze daktari kila anapoacha au kurudia kuvuta, kwa sababu moshi hupunguza kiwango cha dawa hizo katika damu na kuacha hukipandisha, hivyo dozi huenda ikahitaji kurekebishwa.