Hofu ya Mungu Kwenye Mizani: Dhana Potofu na Ukweli

Mama mmoja aliurudisha mfuko wa mchele dukani. Alikuwa ameupitishia kwenye mizani ya duka la pili, kilo mbili zikatoka na upungufu wa gramu 150. Hakupiga kelele za mwizi. Alimtazama muuzaji usoni akamwambia, "Baba, hata hofu ya Mungu huna?" Sote tuliokuwa kwenye foleni tukainamisha macho. Ukutani nyuma ya yule muuzaji kulikuwa na kalenda ya ibada, sisemi ya dini gani.

Maneno hayo tunayatumia kila siku, halafu akitokea mtu kutuuliza hofu ya Mungu ni kitu gani, wengi tunajibu kombo.

"Kumcha Mungu ni kumwogopa, basi."

Hapa ndipo kosa kubwa lilipo, na Kiswahili chenyewe kinalikataa. Kitenzi *-cha* ni cha kale. Leo hakuna anayesema anamcha nyoka au anamcha mbwa wa jirani. Nyoka tunamwogopa, Mungu tunamcha. Ndugu yake aliyebaki mitaani ni *kuchelea*. Mtu akikwambia "nachelea kukujibu sasa hivi", si kwamba magoti yanagongana. Analipima neno kabla ya kulitoa, kwa uzito wa jambo au wa anayeambiwa. Hata anayechelea mwana kulia, yule wa kwenye methali, hamkimbii mtoto wake.

Waislamu wana neno taqwa, lenye mzizi wa kujikinga. Inasimuliwa kwamba Umar bin Khattab alimuuliza swahaba mwenzake, Ubayy bin Kaab, taqwa ni nini. Ubayy akamuuliza kama amewahi kupita njia yenye miiba. Amepita. Alifanyaje? Alipandisha nguo, akawa mwangalifu. Ndiyo hiyo, akaambiwa. Mfano huu naupenda kwa sababu mtu wa kwenye miiba hakimbii hata kidogo. Anaendelea na safari yake, ila kila unyayo anajua unakanyaga wapi.

Tena kuna jambo linaloitenga hofu hii na nyingine zote. Giza linatutisha kwa sababu hatujui lina nini. Ukiwasha taa, woga umekwisha. Kurani, katika sura ya 35 aya ya 28, inasema wanaomcha Mwenyezi Mungu miongoni mwa waja wake ni wale wenye elimu. Maana yake hofu hii huja na ujuzi, taa ikiwa inawaka.

Na Wakristo wanaodhani mambo haya ni ya upande wa pili wafungue Kutoka 20:20. Mlima Sinai unatoa moshi, watu wamerudi nyuma wanatetemeka, na Musa anawaambia wasiogope, kwa kuwa Mungu amekuja ili hofu yake iwe mbele yao wasitende dhambi. Msiogope, muwe na hofu. Ndani ya aya moja! Hofu ya kwanza inawafukuza mlimani. Ya pili inatakiwa ikae nao hata watakapokuwa wameuacha mlima nyuma, huko jangwani, kila mtu hemani kwake.

"Hofu ni ya Agano la Kale, sasa tuko kwenye upendo."

Wanaosema hivi hunukuu Waraka wa Kwanza wa Yohana, 4:18, kwamba pendo lililo kamili huitupa nje hofu. Ni kweli imeandikwa. Lakini sababu imetajwa palepale: hofu hiyo ina adhabu. Inayotupwa ni hofu ya kiboko. Katika Agano Jipya hilohilo, Matendo 9:31, kanisa linaelezwa kuwa linakwenda katika kicho cha Bwana na faraja ya Roho Mtakatifu, kicho na faraja vikiwa bega kwa bega. Karne ya 13 Thomas Aquinas, mwanateolojia wa Kanisa Katoliki, aliipambanua hofu ya mtumwa, anayeogopa kupigwa, na hofu ya mwana, anayeogopa kumkosea baba. Masheikh nao wana khofu na rajaa, woga na matumaini, na hufananisha viwili hivyo na mabawa ya ndege. Bawa moja halirushi.

Zaburi ya 130 ndiyo huwa inanisimamisha kila nikiisoma. Inasema kwa Mungu kuna msamaha, ili aogopwe. Ungetarajia kinyume chake, msamaha uondoe hofu. Ila aliyewahi kusamehewa deni zito na mtu anayemheshimu anajua jinsi anavyoona haya kukopa ovyo tena.

"Mcha Mungu ni mnyonge, hutii kila mkubwa."

Muulizeni Farao. Aliwaamuru wakunga wa Waebrania, Shifra na Pua, waue kila mtoto wa kiume anayezaliwa. Hawakuua. Kitabu cha Kutoka kinatoa sababu moja tu: walikuwa wakimcha Mungu. Wanawake wawili, kazi yao ni kupokea watoto, wakamgomea mfalme wa Misri.

"Mcha Mungu utamjua ukimwona."

Kwa alama ya sijida kwenye paji, rozari shingoni, Biblia kubwa kwapani, au kwa sauti ya kukwaruza baada ya mkesha. Sizidharau ibada hizo, nami nina zangu. Lakini katika hadithi iliyopokewa na Imamu Muslim, mkusanyaji wa maneno ya Mtume Muhammad, Mtume alisema taqwa iko hapa, akaashiria kifuani kwake mara tatu. Mahali hapo jicho la jirani halifiki. Ndiyo maana simwamini mhubiri anayetisha watu kwa laana hadi wafungue pochi. Hofu aliyoizalisha ni yake yeye, Mungu ametiwa jina tu.

Kuna na hii kwamba mcha Mungu hapatwi na mabaya. Ayubu alikuwa mcha Mungu, na tunajua kilichompata. Tusonge mbele.

Nikirudi kwa yule mama, nadhani alilitumia neno sawasawa kuliko wengi wanaolihubiri. Walawi 19:14 inakataza kumlaani kiziwi na kuweka kwazo mbele ya kipofu, kisha inaongeza: umche Mungu wako. Kwa nini hapo? Kiziwi hasikii tusi, kipofu haoni aliyemtega. Hakuna wa kushtaki, hakuna shahidi, kwa hiyo anatajwa yule anayesikia na kuona. Kurani nayo ina sura nzima, ya 83, inayoanza na ole kwa wanaopunja, ambao wakipimiwa hutaka kikamilike, na wakiwapimia wengine hupunguza. Halafu inauliza kama hawadhani kuwa watafufuliwa. Mizani ya dukani na Siku ya Kiyama zimewekwa aya chache tu mbalimbali. Mnunuzi mbele ya mizani iliyochezewa ni kipofu, japo macho anayo.

Muuzaji siku ile hakubisha. Aliufungua mfuko, akachota viganja viwili kwenye gunia, akatia, akaanza kuufunga tena.

"Pima," mama akamwambia.