ACL kwenye ski: goti huumia kabla mtu hajaanguka

Wapenzi wa soka wanaijua ACL: mchezaji anageuka bila kuguswa na mtu, anashika goti, msimu wake umekwisha. Kwenye mbio za ski, za kuteremka milima yenye theluji kwa mbao mbili zilizofungwa miguuni, jeraha ni hilohilo, ila linavyopatikana ni tofauti kabisa.

ACL ni ligamenti ya msalaba ya mbele, ukanda mfupi mgumu ulio ndani ya goti, unaofunga mfupa wa paja na muundi. Huuzuia muundi usichomoke kwenda mbele na goti lisisokoteke. Inapishana na mwenzake wa nyuma, ndiyo maana zikaitwa za msalaba.

Ukimwona mtelezaji akibingirika kwenye theluji, utadhani goti limeumizwa na kule kuanguka. Mara nyingi limeshakatika kabla. Watafiti wa Oslo walichambua video za matukio 20 ya ACL kukatika kwenye Kombe la Dunia la ski, wakachapisha matokeo mwaka 2011. Nusu ya matukio yalifanana: kwenye kona, ubao wa mguu wa nje, ule unaobeba uzito, unateleza na kuachana na theluji. Mtelezaji ananyoosha mguu ili ushike tena. Unashika kweli, lakini ghafla na kwa ukingo wake wa ndani, kisha unajikatia kona wenyewe huku mwili bado unaelekea kwingine. Goti linasukumwa kwa ndani na kusokotwa kwa pamoja. Kuanguka kunafuata, na wakati mwingine hata hakufuati. Matukio mengine hutokea mtu anapotua baada ya kuruka, uzito ukiwa umebaki nyuma.

Kwa nini goti, na si kifundo cha mguu? Zamani watelezaji walivunjika zaidi vifundo na miundi. Vikaja viatu vigumu vya plastiki vinavyobana hadi juu ya kifundo, na vishikizo, vile vinavyofunga kiatu kwenye ubao, vinavyofyatuka ili kuuachia ubao. Muundi ukapona, lakini nguvu ile haikupotea. Ilipanda hadi kiungo kinachofuata. Ubao mrefu nao ni wenzo, kwa hiyo msukumo mdogo kwenye ncha yake unafika gotini ukiwa mkubwa. Vishikizo haviwezi kuhisi kinachotokea ndani ya goti, na vya wanamashindano hukazwa sana visije vikafyatuka katikati ya mbio.

Kofia ngumu hukinga kichwa. Mfuko wa hewa wa kuvaa, ambao shirikisho la kimataifa la ski, FIS, liliuweka kwenye kanuni za lazima za mbio za kasi msimu wa 2024/25, hukinga kiwiliwili. Goti halina kinga ya namna hiyo. Ndiyo maana naona hatua ya FIS ya kugusa umbo la mbao zenyewe msimu wa 2012/13, ili zisikate kona kwa ukali mno, ilikuwa na mantiki, hata kama wanamichezo wengi waliipinga.

Mtu akiumia, redio husimamisha wanaosubiri juu, na aliyekwisha kuanza hupungiwa bendera ya njano asimame. Daktari hufika akiteleza. Kipimo cha kwanza hakihitaji mashine: mkono mmoja unashika paja, mwingine unavuta muundi mbele taratibu. Ukija bila kugota, ligamenti imekwenda. Ni vyema kupima mapema, kwani damu ikishajaa gotini na misuli kukakamaa, kipimo hakisomeki. Picha ya MRI hufuata baadaye.

Februari 2013, kwenye mashindano ya dunia ya Schladming, Austria, mtelezaji Mmarekani Lindsey Vonn alitua vibaya kwenye super-G, mojawapo ya mbio za kasi, akaondolewa kwa helikopta. ACL ya goti la kulia ilikatika, pamoja na ligamenti ya upande wa ndani, na muundi ukavunjika karibu na goti. Kwa kawaida daktari hutengeneza ACL mpya kwa kano iliyochukuliwa kwingine mwilini, na kano hiyo huhitaji miezi mingi kukomaa. Maumivu huisha mapema kuliko kupona, na hapo ndipo wengi hudanganyika. Goti lilelile la Vonn liliumia tena mazoezini Novemba mwaka huohuo, na Januari 2014 alitangaza kuwa hataweza kwenda Olimpiki ya Sochi.